Nguzo Nayo Ilikuwa Yaja?

Mtaani kwetu Msambweni watoto huniita Nyanya Inasha, na mgeni akisikia hudhani ndilo jina nililozaliwa nalo. Nilizaliwa Mwanasha. Hilo la pili nilipewa na sheria ya mwendo, mwaka wa mwisho wa sekondari, na limenikaa vizuri kuliko dera lolote nililowahi kushona. Nami madera ndiyo kazi yangu. Nayashona sebuleni, cherehani iko dirishani, kitanda kiko nyuma ya cherehani, jiko liko nyuma ya kitanda, na anitakaye anijie. Mombasa nimekwenda, sikatai, nikarudi siku ileile kichwa kinaniuma. Ukunda huenda kununua uzi, na hata huko nikishafika neno langu la kwanza ni kuuliza gari la kurudi. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba anayetaka kumweleza habari za mwendo ni msafiri. Mimi ni mtaalamu wa kukaa.

Mwezi uliopita jirani alinipigia simu akasema, "Riziki karudishwa." Sikuuliza Riziki yupi. Nilichokisikia kwanza ni lile neno. Hakusema karudi. Anayerudi huja kwa miguu yake, ana mabegi, ana manukato ya kugawa, ana maneno. Anayerudishwa huja kama kifurushi. Riziki alipatwa na kiharusi huko Maskati alikokaa umri wake wote, upande wa kulia ukalala, ulimi nao ukalala, na wale aliokuwa akikaa nao wakampakia ndege wakamleta kwao. Kwao ni Mkwiro, kule ng'ambo kisiwani, lakini Mkwiro hakuna tena wa kumtazama, basi amelazwa hapa kwetu, hospitalini, wodi ya wanawake. Naenda kila alasiri na chupa ya uji. Namlisha kwa kijiko, nusu huingia, nusu namfuta kidevuni. Hunitazama. Sijui kama hunitazama mimi au hutazama tu upande niliokaa. Kuna swali nimemwekea tangu mwaka ule, swali dogo, la aibu hata kulitamka, na jibu lake analo yeye peke yake. Nilikuwa nalingojeza mpaka tuonane uso kwa uso. Sasa tumeonana.

Mwaka ule Riziki alikuwa amepanga kwa Bi Mwanahawa ili awe karibu na shule. Ilikuwa nyumba ya makuti yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kuta za vyumba hazikufika juu. Zilikomea pale mtu mrefu anapoishia, na juu yake ulikuwa uwazi mpaka kwenye makuti, hivi kwamba nyumba nzima ilikuwa na vyumba vingi vya macho na chumba kimoja tu cha masikio. Chumba cha Riziki kilikuwa na kitanda cha kamba kilicholegea katikati. Tukikaa wawili tulikuwa tukiteremka kila mmoja kutoka upande wake mpaka tunakutana bondeni, tukisoma tumebanana kama mbaazi. Chumba cha pili yake alikodi Mwalimu Mutua wa fizikia, mtu wa Ukambani, mwembamba, mrefu kupita ukuta, hata akisimama tuliona nywele zake zikipita juu kwa juu, kuelekea mlangoni. Alikuwa amesomea upadri huko bara, falsafa miaka na miaka, kisha akaacha. Sababu hakuisema. Bi Mwanahawa alishika kwamba ni mwanamke. Riziki alishika kwamba ni chakula, kwa sababu mtu yule alikuwa akichemsha mahindi na maharagwe asubuhi, na jioni akala yaleyale, kwa furaha. "Mwalimu, mahindi mazima hayo sisi twamtupia kuku," Bi Mwanahawa alikuwa akimwambia, akimsukumia bakuli la muhogo wa nazi. "Na kuku mwenyewe hufikiri kwanza." Mwalimu akila muhogo alifumba macho, na Bi Mwanahawa alikuwa akitukonyeza, kama kusema, mmeona? Upadri ungewezekana vipi?

Jina langu lilizaliwa siku yake ya kwanza darasani. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, alasiri, joto limeshiba, nami nilikuwa nyuma kabisa nimeegemea ukuta, macho yakienda na kurudi. Mwalimu akaugeukia ubao akasema kwa sauti kubwa: "Inasha!" Nikasimama wima. "Naam, Mwalimu." Darasa zima likanigeukia. "Sikukuita," akasema. "Umeniita, Mwalimu. Mwanasha. Ndiye mimi." Akanitazama, akautazama ubao, akaanza kucheka kwa mabega, bila sauti, kama watu warefu wanavyocheka. "Keti," akasema. Nikaketi. Ndipo akaeleza kwamba inertia, niliyoisikia mimi inasha, ni ile tabia ya kitu kupenda hali yake: kilichokaa huendelea kukaa, mpaka kitoke kitu kingine kikisukume. Riziki, aliyekuwa mbele, akageuka mzima mzima. "Mwalimu, huyo umemjulia wapi?" Darasa zima likaangua kicheko, na jina likanivaa. Nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo, na nilipoamka lilikuwa limeshanitangulia sokoni.

Nimeshasema kuta hazikufika juu, kwa hiyo fizikia yetu nyingi tuliipata bila kwenda shule. Jioni Mwalimu alikuwa akikaa ukumbini na kikombe cha chai ya tangawizi akizungumza na Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa akisuka ukili wa mikeka na kumjibu chochote kilichomjia. Mwalimu alikuwa na jambo moja lililomsumbua tangu seminari. Alisema vitu vyote duniani huhusiana kwa njia tatu tu. Njia ya kwanza ni kitu na hali yake. Jiwe likienda ni jiwe, likikaa ni jiwe, kwenda na kukaa ni nguo, jiwe hulivaa na kulivua. Njia ya pili ni sababu na kinachofuata: nimesukuma, kimesogea. Ya tatu ndiyo iliyomtesa. Alisema vitu viwili vikiwa pamoja kila kimoja humtenda mwenzake kwa wakati mmoja, wala hakuna wa kwanza. Hapo alikuwa akikwama, akitafuta mfano, akitumia maneno ya Kiingereza na ya Kilatini, na Bi Mwanahawa akiitikia, "Ehe, ehe," kama anavyoitikiwa mtu mwenye homa.

Siku moja, mchana kweupe, alitoka chumbani mwake amekishika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike, macho yamo kikombeni, akaenda moja kwa moja kuipiga kichwa nguzo ya ukumbi. Tulisikia mlio kama wa ngoma, kisha kikombe. Tukatoka mbio. Mwalimu amekaa chini, paji la uso linaanza kufura, shati limekuwa rangi ya chai. "Pole, mwanangu! Wafanyaje?" Bi Mwanahawa akamuuliza. Naye kwa Kiswahili chake cha bara akajibu: "Nimegongana na nguzo, mama." Bi Mwanahawa akasimama na ukili wake mkononi. "Mmegongana? Nguzo nayo ilikuwa yaja?" Riziki akashika ukuta asianguke kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, jambo ambalo kwangu halihitaji sababu kubwa. "Mtu hujigonga kwenye nguzo, mwanangu. Nguzo haina pa kwenda. Wagongana vipi na kitu kilichokaa tangu babu yangu?" Lakini Mwalimu hakuwa akitusikia. Alikuwa amekaa palepale kwenye dimbwi la chai, akiitia kidole ile nundu yake, akinong'ona, "Ilikuwa yaja. Ndiyo, mama. Ilikuwa yaja." Tulidhani akili imetikisika. Bi Mwanahawa akatuma mtu aende akalete barafu.

Kesho yake alikuja darasani na nundu na chaki, akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona: aliandika Kiswahili ubaoni kwenye somo la fizikia. Upande mmoja aliandika KUKAA. Katikati akaandika SUKUMA, SUKUMWA. Upande wa pili akaandika SUKUMANA, akaipigia mstari ile NA ya mwisho mpaka chaki ikakatika. Akasema wanafalsafa wameandika vitabu vinene kutafuta uhusiano wa tatu, na huku Pwani watu wanautia mwishoni mwa kitenzi wakienda zao sokoni. Kugonga, kugongwa, kugongana. Nguzo ilinigonga kwa nguvu ileile niliyoigonga nayo, akasema, ushahidi ni huu, na akatuinamishia kichwa tuuone. Ukikiegemea kiti, kiti nacho chakuegemea. Ukimshika mtu mkono, hakuna mshikaji na mshikwaji, mmeshikana. Riziki akanyoosha kidole. "Mwalimu, sasa nani alianza?" "Hakuna anayeanza. Nguvu mbili huzaliwa pamoja, kama mapacha." Riziki akatikisa kichwa. "Hata mapacha, Mwalimu, kuna Kurwa na kuna Doto." Mwalimu akaiweka chaki chini. Alimtazama Riziki kwa muda mrefu, nami nilijua, hata kwa akili yangu ya nyuma ya darasa, kwamba mtu huyu ameona mwanafunzi mmoja anayestahili safari yake yote ya kutoka Ukambani. Jioni ile juu ya ukuta tulimsikia akimwambia Bi Mwanahawa kwamba mtoto huyu ataendelea, lazima aendelee, akikosa kuendelea itakuwa dhambi. Riziki, aliyekuwa bondeni mwa kitanda pamoja nami, akaniziba mdomo nisicheke, lakini mkono wake ulikuwa wa moto.

Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Kumuaga mlangoni ni kumfukuza kwa adabu. Husindikizwa, na anayesindikiza hufika mahali pa katikati panapojulikana na pande zote mbili. Kati ya nyumba ya Bi Mwanahawa na kwetu palikuwa na mkorosho mmoja uliolalia barabara ya vumbi, na hapo ndipo Riziki alipaswa kuniachia. Ila tukifika hapo hadithi ilikuwa haijaisha. Basi ataniambia, "Nikufikishe." Atanifikisha mpaka kwetu, nami nitaona haya arudi peke yake, nitamsindikiza mpaka mkoroshoni, pale hadithi itakuwa imezaa nyingine, nitamfikisha kwao. Nako atasema, "Sasa wewe je?" Bi Mwanahawa alikuwa akitoka mlangoni kutupigia kelele: "Nyinyi! Kusindikizana hakuna mwisho, kwaishwa na kufa tu!" Mwalimu aliyajua haya, akayafanya zoezi. Mwanasha anamsindikiza Riziki, Riziki anamsindikiza Mwanasha, na kadhalika mpaka magharibi. Umbali waliotembea ni mkubwa ama mdogo? Mkubwa. Wamehama kiasi gani? Nikajibu kwa fahari, maana hili nililijua kwa visigino: "Sufuri, Mwalimu." Ndilo swali la fizikia pekee nililolipata mwaka ule bila kutazamia kwa mwenzangu.

Mitihani ilipokwisha, kabla hata hatujazoea kuamka bila kengele, ami yake Riziki alikuja na gari kutoka Mombasa. Nilikuwa chumbani na Riziki, tumekaa kitandani, sinia la viazi vya karai katikati yetu. Ami alikaa ukumbini, akapewa kahawa, akauliza hali ya kila mtu mpaka ya mbuzi, mwenye adabu zake, sauti laini. Kisha juu ya ukuta tukasikia: "Nimekuja kumchukua mtoto. Kapatiwa kazi Maskati, kwa watu wa heshima, wa dini." Bi Mwanahawa akasema, "Alhamdulillahi. Mwenyewe kaulizwa?" Ami akacheka taratibu. "Aulizwe nini, Bi Mwanahawa? Riziki haiulizwi. Riziki hupokewa." Hata mimi nilitaka kucheka, maana ulikuwa mchezo mzuri wa jina. Nikamtazama Riziki. Alikuwa ameshika kiazi, hakikuenda kinywani wala hakikurudi siniani. "Riziki!" akaitwa. "Labeka, ami." "Umesikia?" "Nimesikia, ami." Basi. Ilikwisha hivyo, kwa maneno ambayo mtu hutumia akitumwa chumvi. Nikamnong'oneza, "Waenda?" Akasema, "Napelekwa." "Wewe wataka?" Akakirudisha kiazi siniani, akakitazama pale kilipolala. "Usiniulize mimi, Inasha," akasema. "Uliza kama nguzo yaja."

Mwalimu Mutua alijaribu. Alivaa shati lisilo na chai, akakaa mbele ya ami, akazungumza Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka mpaka kikauma: kwamba matokeo hayajatoka, kwamba mtoto ana kipaji, kwamba angojewe angalau. Ami alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akasema, "Mwalimu, nakushukuru kwa mapenzi yako kwa mtoto wetu. Wewe ni mgeni wetu. Kunywa kahawa." Mwalimu akarudi tena kwa njia nyingine, ami akamjibu tena kwa upole uleule, akamwongezea halua. Gari lilipoondoka kwenda kulala Ukunda, Mwalimu alibaki pale ukumbini. "Nimeusukuma ukuta, Bi Mwanahawa," akasema. "Ukuta umenisukuma. Tumesukumana vizuri sana, na hakuna aliyesogea." Bi Mwanahawa akaurudia ukili wake. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa bondeni mwa kitanda. Ningesema nini, na nani angenisikiliza? Nilikuwa msichana aliyepata sufuri ya kuhama. Mara kwa mara hukaa kwenye cherehani nikatunga maneno ambayo ningemwambia yule ami, maneno mazuri sana, na ninapoyamaliza huona kwamba naye angeniongezea halua.

Tulipatana hivi. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, ami atatangulia na gari, na Riziki atakuja kwa miguu mpaka mkoroshoni. Mimi nitamkuta hapo, tutasindikizana mara ya mwisho, kidogo tu, kisha gari litampakia. Nilikwenda mapema. Nilikuwa nimevaa kanga mpya na nimebeba mahamri kwenye kitambaa. Alasiri haijaadhiniwa nikasikia gari. Ami alikuwa amebadili saa, jambo la kawaida, watu wenye safari hubadili saa. Barabara ile ilikuwa ya mawimbi, ile ambayo gari likipita juu yake hata meno hugongana, nalo lilikuja kasi, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi. Nikaona kwenye kioo cha nyuma mkono. Mkono umewekwa kiooni, umefunguka, unakwenda huku na huku, huku na huku. Kisha vumbi. Sikupunga. Nilikuwa nimebeba mahamri kwa mikono yote miwili, na mpaka nimetambua kwamba mtu huweza kuyaweka mahamri chini, gari limeshaniacha. Ndivyo tunavyosema kwetu, na ni maneno ya kweli kupita kiasi: mimi sikuachana na gari. Gari liliniacha.

Sasa swali langu ni hili, na nimeshaonya kwamba ni dogo. Ule mkono ulikuwa ukipunga, au barabara ndiyo iliyokuwa ikiutikisa? Mtu anaweza kuweka mkono kiooni ili asigonge kichwa. Barabara ile ingemfanya hata maiti apunge. Kama alipunga, basi aliniaga, tukaagana, jambo lilikuwa letu sote wawili. Kama hakupunga, basi alipita mbele yangu kama gunia, na mimi nilisimama mbele yake kama mti, na kule kusindikizana kwetu kote kulikwisha bila hata neno. Nilikwenda na mahamri yangu mpaka kwa Mwalimu Mutua, nikamuuliza hivyohivyo, kama zoezi. Hakunicheka, Mungu amrehemu popote alipo. Alichukua hamri moja, akafikiri. Akaniuliza gari lilikuwa likienda vipi, mkono ulikuwa juu ama chini, vidole vilikunjwa ama vilinyooka. Mwisho akasema, "Mwanasha, sababu haionekani kwa macho. Macho huona hiki, kisha huona kile. Ile kwamba hiki kimefanya kile tunaitia sisi wenyewe. Mkono unaopunga na mkono unaotikiswa, kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, ni mwendo mmoja." Nikasema, "Basi Mwalimu, fizikia yafaa nini?" Akatafuna. Akasema na jambo lingine ambalo nadhani alilikusudia kuwa faraja: kwamba aliyeko ndani ya gari hujiona amekaa, na vilivyoko nje ndivyo vinavyokimbia kurudi nyuma. "Kwa macho yake yeye, wewe ndiye uliyeondoka." Nikaenda nyumbani nikalia. Maisha yangu yote sijaondoka popote, na mara moja tu nilipoondoka, niliondoka nimesimama chini ya mkorosho.

Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Bi Mwanahawa alifariki, nyumba ikabomolewa, mkorosho ukakatwa barabara ilipotiwa lami. Simu zilipokuja Riziki alinipata, akawa ananitumia sauti yake mara mojamoja. "Inasha! Ushatoka mlangoni, au nikutumie mtu wa kukusukuma?" Nami nikimjibu kwamba nimefika mpaka uani, na kwamba safari imenichosha. Tulicheka hivyo miaka. Lakini utamuulizaje mtu mzima, kwenye simu, anayesikilizwa na watu wa nyumba ya watu, "Ule mkono wako wa Ijumaa ile, ulikuwa wako?" Kila mara nilisema, atakuja. Akija tutakaa kitandani, tutateremka bondeni, nitamuuliza.

Mkono wenyewe ni wa kulia, na ndio uliolala. Siku za mwanzo nilimtia kidole changu kiganjani, na vidole vyake vikanibana. Vikanibana kweli, kwa nguvu. Nikapiga ukelele, kijana wa mazoezi ya viungo akaja. Ni kijana wa bara, mpole, hunishikia mkoba nikipanda ngazi. Akatazama, akasema, "Mama, usichukulie siriasi sana. Hiyo ni misuli inajikaza yenyewe, ukiigusa tu. Sio yeye." "Umejuaje sio yeye?" Akakuna shingo. "Ndivyo tulifunzwa, mama." Nikakaa pale na kidole changu kimebanwa, nikiwaza kwamba dunia yote imezunguka ikarudi palepale, kwenye kioo cha gari. Sikukitoa kidole. Nilimngoja yeye, au misuli yake, achoke kwanza.

Siku hizi wauguzi humkalisha kwenye kiti cha magurudumu alasiri, karibu na kitanda. Kiti ni kizee na breki yake imelegea, nami kwa kuwa ni fundi wa nguo na sina ufundi mwingine, nilileta utepe wa satini uliobaki kwenye dera la harusi ya mtu, nikaifunga breki nao. Muuguzi alicheka. "Mama, hii kiti imevaa vizuri kunishinda." Juzi nilimlisha, nikamfuta, nikamsimulia habari za mtaani, nani kaoa, nani kaachwa. Alinitazama, au alitazama upande wangu. Muuguzi akapita akisema saa za kuona wagonjwa zimeisha. Nikaweka chupa kikapuni, nikamwambia Riziki, "Haya, shoga, mimi naenda," nikaelekea mlangoni. Sakafu ya wodi ile ina mwinamo mdogo kuelekea mlangoni, ili maji ya kupigia deki yatoke. Naeleza haya mapema, kusudi mtu asije akasema nimemficha.

Nilikuwa nimefika mlangoni nikasikia magurudumu. Nikageuka. Kiti kilikuwa kinakuja. Polepole, kwa katikati ya vitanda, na Riziki juu yake amenielekea, mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto uko juu ya gurudumu, pale ambapo mkono wowote ungelala. Wagonjwa wakainua vichwa. Ningeweza kusogea. Nilisimama tu, kwa tabia yangu ile ya siku zote, na kile kipumzishio cha miguu kikaja kikanigonga muundi. Muuguzi akaja mbio. "Nani amefungua hii breki? Mama, amekugonga?" Nikautazama utepe. Ulikuwa chini, kando ya kitanda, umefunguka. Satini huteleza, fundi yeyote atakwambia, na fundo langu halikuwa la kuapia. Nikamtazama Riziki. Upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa umepanda kidogo, na huo upande mdomo hupanda hata akisinzia.

"Tumegongana," nikamwambia muuguzi.

"Mmegongana aje, na wewe ulikuwa umesimama?"

"Mwanangu," nikasema, "nguzo nayo ilikuwa yaja."

Hakunielewa, na sikumweleza. Nikazunguka nyuma ya kiti, nikashika mishikio. "Haya, Riziki, umenifikisha. Sasa wewe je?" Nikamsukuma kurudi kitandani, kupanda ule mwinamo, na kiti kikinisukuma kifuani mpaka nikahema. Muuguzi akasema nifunge breki vizuri safari hii. Nikauokota utepe, nikaufunga, fundo moja tu, lile la kulegea. Kisha nikamuaga, nikachukua kikapu changu, nikaenda mlangoni taratibu, bila kutazama nyuma.